Kuitwa usaili Dodoma ukiwa na 38,000 mfukoni: kisa cha muuguzi wa Songea

Mhusika wa kisa hiki ni muuguzi mwenye stashahada, umri miaka 26, anayeishi kwa mama yake Songea. Alifanya kazi miaka miwili na miezi minne katika zahanati ya binafsi kwa mshahara wa shilingi 400,000 kwa mwezi. Mwezi wa tatu zahanati ikapunguza watu, naye akawa mmoja wao. Mwezi wa kumi, Jumamosi asubuhi, jina lake likatoka kwenye tangazo la kuitwa kwenye usaili wa ajira serikalini. Mchujo, yaani mtihani wa kwanza wa kuandika, ulikuwa Dodoma, Jumatatu siku tisa mbele. Atakayepita afanye mahojiano Ijumaa ya wiki hiyohiyo. Siku hiyo kwenye simu yake alikuwa na 38,000.

Mama yake na mimi tuko kikoba kimoja, kikundi cha kuweka na kukopeshana, na mimi ndiye mhazini. Ndivyo nilivyolijua jambo hili tangu mwanzo, na kwa ruhusa yao nimekaa na hesabu zote. Naziandika kwa sababu watu wanaoulizana "nitapata wapi nauli ya intavyuu" ni wengi mno, na majibu wanayopewa ni mawili tu: omba ndugu, au kopa. Katika kisa hiki kulikuwa na pesa nyingine, tena yake mwenyewe, ambayo hakuna aliyeigusa.

Anayezifahamu karatasi za Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma anaujua ule mstari: kila msailiwa atajigharamia kwa chakula, usafiri na malazi. Mstari huo hauna shida kwa mtu mwenye kazi anayetafuta kazi nzuri zaidi. Kwa mtu aliyekaa miezi saba bila kipato ni mlango ambao hana ufunguo wake. Tena si mstari peke yake wenye gharama. Chini yake imeandikwa kwamba msailiwa afike na vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, na kwamba hati za matokeo na matokeo ya muda hayatakubaliwa. Imeandikwa pia kwamba kada zinazohitaji usajili na leseni waje na vyeti vyao halisi vya usajili na leseni za kufanyia kazi. Kwa muuguzi, mstari huo wa leseni ndio ulioleta kizaazaa. Leseni yake ilikwisha muda akiwa nyumbani. Mtu asiye na kazi halipii leseni ya kazi. Anasema nitalipa nikipata. Halafu inakuja siku ambayo kazi haipatikani bila leseni.

Jioni ile tulikaa mezani kwa mama yake na daftari la kikoba, tukaandika bei ya safari nzima. Nauli ya Songea hadi Dodoma kupitia Njombe na Iringa, njia ya kilomita 700 na ushee, kwa kiwango cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, cha Desemba 2023 cha 48.47 kwa kilomita kwa basi la daraja la kawaida, inakuja kama 35,000. Kwenda na kurudi 70,000. Gesti ya 15,000 kwa usiku sita, 90,000. Chakula kwa siku saba, ukijibana, 42,000. Daladala na bodaboda za kwenda na kurudi Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kwenye usaili, ambako ni mbali na mjini, 20,000. Leseni, mhuri wa wakili kwenye nakala, na fotokopi, 80,000. Sketi ya heshima na viatu vya kufunika, hata vya mtumba, 25,000.

Jumla 327,000.

Linganisha na mshahara wake wa zamani: mwezi mzima wa kazi ulikuwa 400,000. Na tazama nauli, kitu ambacho kila mtu anakitaja kwanza. Nauli ni 70,000, kama moja ya tano ya mzigo wote. Ndugu akikuuliza unahitaji nini ukamjibu "nauli", umeomba sehemu moja ukaacha nne. Ndiyo maana wengi wanafika Dodoma na tiketi ya kwenda, wanalala stendi, wanaingia kwenye mtihani na macho mekundu. Wakipita mchujo ndipo wanagundua kuna siku nne za kungoja mahojiano na hakuna pa kukaa.

Sasa turudi nyuma hadi mwezi wa tatu, maana kosa la kisa hiki halikutokea Oktoba.

Zahanati ilimpa barua ya notisi mwezi mmoja kabla, hilo walifanya sawa. Mwezi ulipokwisha walimlipa mshahara, wakampa mkono, akaondoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi aliyetumikia miezi 12 mfululizo, mwajiri akisitisha ajira yake, anastahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Zipo hali zinazokiondoa, kama utovu wa nidhamu, au kukataa kazi nyingine uliyopewa pale wanapopunguza watu. Yeye hakuwa na mojawapo. Miaka yake miwili iliyokamilika ni siku 14. Ukigawa 400,000 kwa siku za kazi za mwezi unapata kama 15,400 kwa siku, mara 14 inakuja 215,000 na kitu. Hakulipwa, na hakudai. Nilipomuuliza alisema alidhani kiinua mgongo ni cha wazee wanaostaafu.

Madai ya namna hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60. Anayedai kwamba aliachishwa isivyo halali ana siku 30 tu. Kufungua mgogoro hakuhitaji wakili. Siku zikipita unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima uwe na sababu nzito za kuchelewa, na "sikujua" huwa haitoshi. Kwa hiyo hiyo 215,000 ilipotea mwezi wa tano, miezi mitano kabla ya usaili.

Ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Zahanati ilikuwa inampelekea michango NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Alipofungua taarifa ya michango yake tulikuta miezi 26 kati ya 28. Miezi miwili mwajiri hakuipeleka. Mfuko una fao la kukosa ajira. Kwa mwanachama mwenye taaluma aliyechangia angalau miezi 18, ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake na hajapata ajira nyingine, fao ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa kila mwezi, kwa miezi sita. Kwake yeye ni 133,200 kwa mwezi. Miezi sita, 799,200.

Rudia kuisoma hiyo namba. Binti aliyekuwa anamwomba mjomba 35,000 alikuwa na fao la karibu laki nane ambalo hakuwahi kujaza fomu yake. Wengi wa rika lake wanazijua habari za NSSF kupitia kelele za kikokotoo cha mafao ya kustaafu na "fao la kujitoa" lililofutwa, wakaondoka na neno moja: pesa ya NSSF haiguswi mpaka uzeeke. Hakuna aliyewaambia kwamba kilichokuja badala yake ni hiki, na kwamba kimetengenezwa kwa ajili ya kipindi hasa walichomo. Ninawalaumu waajiri hapa kwa moyo wote. Barua ya kumwachisha mtu kazi ina nafasi ya kutosha kwa sentensi mbili: una kiinua mgongo cha kiasi hiki, nenda NSSF na barua hii ukadai fao lako. Afisa rasilimali watu anayejua hayo akanyamaza amemnyima mtu haki yake, hata kama hakumwibia shilingi.

Tatizo ni kwamba fao halilipwi ndani ya siku tisa. Kuna fomu, kitambulisho, barua ya mwajiri ya kuthibitisha ajira imekoma, na ile miezi miwili isiyopelekwa inabidi ifuatiliwe. Kwa usaili wa Oktoba pesa hii haikuwa na msaada wowote. Ingedaiwa Aprili ingekuwa imeshalipwa yote, na leseni isingekwisha muda. Nauli ya usaili wa mwezi wa kumi hutafutwa mwezi ule ulioachishwa kazi, ukiwa bado na barua mkononi na mwajiri bado anapokea simu yako.

Jumamosi ile hakuna hata moja kati ya haya alilokuwa analijua. Alichofanya ndicho wengi wangefanya: kabla hata hatujakaa mezani, alikwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, wale wa kausha damu, akachukua 100,000 kwa makubaliano ya kurudisha 130,000 ndani ya wiki nne. Dhamana ilikuwa cherehani ya mama yake. Nilipomuuliza kwa nini hakungoja hata saa mbili, alijibu kwamba aliogopa nafasi itampita. Siwezi kumshangaa. Ukikaa miezi saba unafungua akaunti ya Ajira Portal, mtandao wa maombi ya kazi serikalini, kila asubuhi, siku jina linapotoka hutulii.

Njia nyingine aliyoshauriwa na rafiki ilikuwa programu za mikopo za kwenye simu. Hiyo tuliikataa moja kwa moja. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali, na kila aliyewahi kuzitumia anajua zinavyowapigia simu watu wote walio kwenye orodha ya majina yako siku ukichelewa. Fikiria mtu yuko Dodoma anangoja mahojiano, na huku nyumbani wajomba na walimu wake wanapokea ujumbe kwamba yeye ni tapeli. Kuna pia waliomwambia aende kwa afisa maendeleo ya jamii akaombe ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Mikopo hiyo, iliyosimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa Julai 2024, haina riba na ni kitu kizuri, ila ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vyenye mradi wa uzalishaji. Usaili haumo.

Wikiendi hiyohiyo alipigiwa simu na mtu aliyejiita mtu wa utumishi, akitaka 150,000 "ya kukushika mkono kwenye mchujo". Alikata. Anayekutoza pesa kwa ajili ya usaili wa serikali ni mwizi, hata ajue jina lako na namba yako ya mtihani, maana majina yamebandikwa hadharani na kila mtu anayaona.

Basi tukashika daftari, tukaanza kukata. Hapa ndipo nilipojifunza mengi kuliko kwenye sheria zote.

Kitu kikubwa kilichopungua kilikuwa malazi. Aliandika kwenye kundi la WhatsApp la darasa lake la chuo cha uuguzi, akieleza siku za kufika na kuondoka. Jibu lilikuja usiku uleule: mdogo wa mwenzao anasoma UDOM, amepanga geto, chumba chake, Ng'ong'ona, kuna godoro la ziada. Ile 90,000 ikafutika. Na kwa kuwa Ng'ong'ona iko jirani na chuo, usafiri wa mjini ukashuka kutoka 20,000 hadi 8,000. Chakula kikawa cha kupika pamoja, yeye achangie, yote 30,000 pamoja na cha njiani. Sketi na viatu aliazimwa na dada yake. Hesabu ikawa nauli 70,000, usafiri wa mjini 8,000, chakula 30,000, leseni na vyeti 80,000. Jumla 188,000. Hakuna aliyetoa shilingi moja mpaka hapo, na mzigo umeshapungua kwa 139,000. Ninasisitiza hili kwa sababu tukisikia "msaada wa fedha" mawazo yetu yote yanakwenda kwenye M-Pesa, wakati kitanda cha wiki moja kina thamani kuliko nauli ya kwenda na kurudi.

Kilichobaki ni kuomba, na kuomba nako kuna namna yake. Ujumbe wa kwanza aliokuwa ametuma kwa mjomba wake, kabla hatujakaa, ulisema hivi: "Shikamoo mjomba. Nimeitwa intavyuu Dodoma, naomba msaada wowote, hali yangu unaijua." Mjomba alijibu, "Marahaba mwanangu, hongera, tutaangalia." Kila Mtanzania anajua "tutaangalia" maana yake nini. Mjomba si mchoyo. Hakuambiwa ni kiasi gani, cha nini, kinahitajika lini, wala kama wengine wameshachangia. Mtu asiyejua kina cha shimo hutumbukiza kidogo au hatumbukizi kabisa.

Ujumbe wa pili tuliuandika pamoja: "Shikamoo mjomba. Ni kuhusu ule usaili wa uuguzi Dodoma, Jumatatu ijayo. Pa kulala nimepata, nauli ya kwenda ninayo, leseni dada wa Mbinga ameahidi kuilipia. Nimepungukiwa nauli ya kurudi, 35,000, Jumamosi ya baada ya usaili. Tangazo lenye jina langu nimekuwekea hapo chini. Ukipenda kunikatia tiketi mwenyewe moja kwa moja ni sawa kabisa." Mjomba alipiga simu baada ya chakula cha mchana. Hakutuma pesa, alikwenda stendi akakata tiketi ya kurudi yenye jina lake, akapiga picha akatuma.

Tofauti ya jumbe hizi mbili ni kwamba wa pili unamwonyesha mjomba mwisho wa jambo. Anaona kila mtu ameshika upande wake na kwamba akitoa 35,000 safari imekamilika. Na lile la kukata tiketi mwenyewe linaondoa wasiwasi ambao ndugu wengi wanao na hawausemi, kwamba pesa ya usaili itaishia kwenye vocha. Dada wa Mbinga naye hakutoa ile 80,000 mkononi: alilipia ada ya leseni kwa simu, na iliyobaki akaituma kwa wakili. Mama alitoa 40,000 ya mahindi. Yeye mwenyewe 38,000. Jumla 193,000 kwa hitaji la 188,000.

Kwa hiyo ile 100,000 ya kausha damu haikuhitajika. Alitaka kuirudisha Jumatatu, siku mbili tu baada ya kuichukua. Mkopeshaji akasema sawa, lete 130,000, maana makubaliano ni makubaliano. Hiyo 30,000 ilikuwa karibu sawa na nauli nzima ya kwenda Dodoma, na ilikwenda kununua utulivu wa siku moja. Mama aliilipa kidogokidogo kwa kushona, cherehani ikapona.

Kikoba chetu hakikumsaidia, na hili lazima niliandike kama lilivyo. Mama yake alikuja kwangu akaomba mkopo wa dharura kutoka mfuko wa jamii. Tulikuwa tumekutana jana yake, kikao kingine ni baada ya wiki mbili, na sanduku letu lina makufuli matatu ambayo funguo zake wanazo watu watatu. Hata hivyo tungeweza kuitana. Kilichozuia ni katiba. Mfuko wa jamii umeandikwa kwa ajili ya msiba, ugonjwa wa mwanachama au mtoto wake, kujifungua, na nyumba kuungua. Usaili haumo. Mwenyekiti alisema tukivunja katiba kwa mmoja tumeivunja kwa wote, na alikuwa sahihi. Vikoba vingi vimekufa kwa huruma isiyoandikwa.

Lakini nilirudi nyumbani na swali ambalo halijaniachia. Binti huyu angefariki wiki ile, mfuko ungefunguliwa ndani ya saa moja, na kila mwanachama angekuja na mchele. Angekuwa anaolewa, kungekuwa na kamati, kadi za michango, na mwenyekiti wa kamati anayepiga simu kila jioni. Ameitwa kwenye jambo ambalo likifaulu litailisha nyumba ile kwa miaka 30, na hatuna hata mstari mmoja. Hatukuukataa usaili kwa ubaya. Wakati katiba za vikoba vyetu zinaandikwa, aliyemaliza chuo alipangiwa kazi au alipata ya karibu, na hakuna aliyefikiri kuitwa usaili kungekuja kuwa gharama inayoweza kumwangusha mtu.

Sasa imekuwa hivyo, na idadi zinaeleza. Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji iliwafanyia usaili watu zaidi ya 10,000 kwenye Uwanja wa Taifa Dar es Salaam, wakigombea nafasi 70. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilipokea maombi 135,027 kwa nafasi 1,596 na kuwaita kwenye usaili watu 112,952. Fikiria kila mmoja angetumia hata 100,000 tu kufika: ni zaidi ya bilioni 11 zinazotoka mifukoni mwa watu ambao wengi wao hawana kipato, kwa ajili ya hatua ya kwanza tu. Afadhali TRA waliufanya mtihani wa kuandika kwenye vituo vya kanda mbalimbali, na usaili wa walimu mwanzoni mwa 2025 ulifanyika mikoani. Kumpelekea msailiwa mtihani mkoani kwake ndio msaada mkubwa kuliko wote ambao serikali inaweza kumpa, na haihitaji kumpa mtu fedha taslimu. Kwa anayesoma haya akiwa na akaunti kwenye Ajira Portal: hakikisha anwani ya makazi uliyojaza ni ya mahali unapoishi sasa, kwa sababu usaili wa mikoani hupangwa kwa kuangalia hiyo. Kuna watu walioacha anwani ya chuo walikosoma, wakajikuta wamepangiwa mkoa ambao hawana hata mtu mmoja wanayemjua.

Jambo la pili ningeliomba kwa mamlaka ni kuhusu leseni. Mchujo ni mtihani wa karatasi. Kitambulisho kinatosha kumjua aliyekaa kwenye kiti. Leseni hai na vyeti halisi vingeombwa kwenye mahojiano, kwa wachache waliopita, badala ya kuwagharimu maelfu ambao hawatavuka hatua ya kwanza. Kenya walikuwa na maumivu yanayofanana: mwombaji alitakiwa kubeba vyeti vya KRA (kodi), HELB (mikopo ya elimu ya juu), DCI (upelelezi wa jinai) na EACC (kupambana na rushwa), kila kimoja na gharama au mizunguko yake, kabla hata hajaonwa. Sheria ya marekebisho ya ajira ya mwaka 2022 ikasema mwajiri asidai vyeti hivyo mpaka awe anakusudia kumpa mtu huyo kazi. Ujerumani wamekwenda mbali zaidi, ambako mwajiri anayekualika kwenye usaili anawajibika kulipa nauli yako isipokuwa alikwambia mapema kwamba halipi. Siombi tufike huko kesho. Ninaomba gharama zisogezwe ziwafuate wale walio karibu na kazi.

Binti alikwenda. Alipita mchujo, matokeo yakatoka Jumatano, Ijumaa akafanya mahojiano akiwa na leseni hai, na Jumamosi akapanda basi kwa tiketi ya mjomba. Majina ya kupangiwa vituo yalipotoka, lake halikuwemo. Waliofaulu wakazidi nafasi huhifadhiwa kwenye kanzidata na wanaweza kuitwa nafasi zikipatikana, kwa hiyo anaendelea kuangalia akaunti yake. Wakati huo huo amefungua dai la fao NSSF. Fomu imepokelewa, ile miezi miwili imeripotiwa, na kinachosubiriwa ni barua ya uthibitisho kutoka kwa mwajiri wake wa zamani, ambaye binti amekwisha kumpigia simu zaidi ya mara moja. Tumekubaliana kwamba malipo ya kwanza yakiingia, sehemu yake inakaa kwenye hisa za mama kikobani kwa jina la safari ijayo, haiguswi kwa kitu kingine.

Na katiba tumeibadilisha. Kifungu kipya kinasema mwanachama ambaye yeye, mwenzi wake au mtoto wake ameitwa kwenye usaili wa kazi atapewa mkopo wa dharura usiozidi 60,000, bila riba, kwa kuonyesha tangazo lenye jina au barua ya kuitwa, na kuurudisha ndani ya miezi mitatu awe amepata kazi au hajapata. Wenye funguo tatu wanaweza kuutoa bila kungoja kikao, wakiripoti kikao kinachofuata. Mjadala haukuwa mwepesi. Mama mmoja aliuliza: je, mtoto wa mtu akiitwa mara tano kwa mwaka, mfuko utabaki? Lilikuwa swali la haki, maana kuna vijana wanaoitwa hivyo hasa. Tukaafikiana mara mbili kwa mwaka kwa kila kaya, na ya tatu ipigiwe kura.